Aliyesema Kweli Dirishani

Jumatatu. Manyunyu tangu asubuhi, Temeke yote matope, na hasira niliyonayo hadi chai imepoa mezani.

Mdogo wangu Deo ana mwezi wa nane kwenye methadone, dawa ya kumwachisha unga, anayoinywa kila siku mbele ya nesi. Wiki hii alikuwa aanze kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani, kwa sababu amepata kibarua kwenye yadi ya makontena Kurasini, na zamu inaanza kabla kliniki haijafunguliwa.

Leo nimemsindikiza. Nesi akamuuliza dirishani kama wiki iliyopita alitumia chochote. Deo akasema Ijumaa alivuta, mara moja.

Basi. Dozi za nyumbani zikafutwa, na kibarua kikaenda nazo.

Aliyemfuata, jamaa anayesinzia huku amesimama, akajibu hapana, akapewa zake. Akampiga Deo begani: "Braza, umejichongea mwenyewe. Sie tunasemaga hapana tu, hata tukiulizwa jina."

Foleni nzima ikacheka.

Nikamvaa nesi. Hakunijibu kwa ukali. Alisema lazima ajue, maana unga juu ya methadone unaua.

Ni kweli. Na hasira yangu inaanzia hapo hapo. Kama jibu la kweli ndilo linalomwepusha mgonjwa na kifo, kwa nini mnaliadhibu? Anayesema mnamnyang'anya, anayeficha mnamzawadia, kisha mnakaa semina kulalamika kwamba mateja hawaaminiki. Waongo hao mmewafuga wenyewe. Mtenganisheni anayeuliza na anayegawa dozi, muone midomo itakavyofunguka.

Nami si msafi. Tukirudi nilimwambia Deo wiki ijayo aseme hapana. Mimi, ninayewachamba wakubwa humu kwenye ukurasa wangu kila siku kwa kupika taarifa.

Alisimama pale pale kwenye matope. "Hata wewe, dada?"

Nilitangulia.

Jioni hii, nikimpakulia wali, nimemuuliza kama leo amegusa kitu. "Hapana, dada." Upesi, kwa heshima, macho kwenye sahani.

Huenda ni kweli.

Nitajuaje sasa, na mwalimu wake ni mimi?