Ufunguo wa Sauti za Jego

Jumatatu, 8 Septemba
Chai imepoa mezani, tena. Mashine kubwa ya ofisi imekataa kufungua diski. Skrini nyeusi inadai ufunguo. Ijumaa ilikuwa nzima.

Nilimuuliza Kassim, mwenzangu wa ofisini, kama ameigusa. "Mimi? Sijaigusa." Alikuwa anakata kucha juu ya meza. Muongo. Mashine ikiwaka inaonyesha toleo jipya la programu ya ubao mkuu, ile inayoiamsha mashine. Ameisasisha mwisho wa wiki bila kumwambia mtu. Chipu ya usalama ikiona ubao umebadilika, inakataa kuutoa ufunguo wa diski. Ndiyo kazi yake. Inadhani tumeingiliwa na mwizi. Haijakosea sana.

Ndani ya diski mna rekodi za wazee wa kijiji cha Jego wakieleza mipaka ya mashamba yao, ambayo tajiri mmoja anayadai. Baadhi yao wameshafariki. Kesi inasikizwa Kwale wiki ijayo, na sisi ndio ofisi ya msaada wa sheria wanayoitegemea.

Nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski ya nje. Kassim aliifuta yote akaweka video za harusi yake.

Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeiwasha mashine kwa flashi yangu na kufungua dirisha la amri. Chipu ina hifadhi yake ndogo ya kudumu, ambayo haipotei hata umeme ukikatwa. Niliiuliza ina nini: tpm2_getcap handles-nv-index. Ikajibu namba tatu. Nikasoma maelezo ya kila moja kwa tpm2_nvreadpublic. Mbili ni vyeti vya kiwandani. Ya tatu imetengenezwa hapa hapa Msambweni. Ndogo, saizi ya ufunguo. Imeandikwa, si tupu. Inasomeka kwa nywila.

Kwa hivyo ufunguo upo.

Nywila sina. Aliyeiweka ni Bakari, fundi aliyekuwa hapa kabla yangu, ambaye walimfukuza. Sikubahatisha hata mara moja. Ukikosea mara nyingi chipu inajifunga. Nilitazama kihesabu chake cha makosa: sifuri. Alhamdulillahi.

Nilikwenda kwa mkurugenzi, Bi Zuhura. Kassim ni mtoto wa dadake. Alinisikiliza huku akisoma simu.

"Mwanasha, Kassim ananiambia chipu ifutwe, tuanze upya."

Nilimwambia chipu ikifutwa ufunguo umekwenda, na diski haitafunguka tena maisha. Akaniambia nisipaze sauti. Sikuwa nimeipaza. Basi nikaipaza.

Jumatano, 10 Septemba
Nimefika asubuhi nikaikuta mashine ina joto. Kihesabu cha makosa kimejaa. Chipu imejifunga.

Kassim. Alikaa hapo usiku akijaribu nywila za kubuni, moja baada ya nyingine, mpaka chipu ikamchoka. Bila shaka alianza na jina lake mwenyewe.

"Nilikuwa nakusaidia," alisema. "Sema ahsante."

Nilimwambia neno ambalo mamangu angenizaba kofi kwa kulitamka. Naye akanirudishia. Mbele ya mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni kuuliza habari za matunzo. Yule mama alisimama, akajifunga leso vizuri, akatoka. Aibu. Lakini hasira imeishinda aibu.

Bi Zuhura ametoa uamuzi. Kesho Kassim aifute chipu, aweke mfumo mpya. Nikauliza, na wazee? "Watarekodiwa tena." Maiti watarekodiwa vipi?

Alhamisi, 11 Septemba
Nimeiba mashine.

Nimeingia kabla ya wote. Nikachomoa nyaya, nikaifunga kwa leso mbili, nikaipakia kwenye tuktuk hadi stendi, kisha gari la Ukunda. Nimeipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Magoti yamechubuka.

Bakari ana duka la kutengeneza simu, nyuma ya soko. Aliponiona na ule mzigo hakunikaribisha. Nilimtolea shikamoo, kwani ni mkubwa wangu. Akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Ofisi yenu ilinitoa kama takataka. Leo mnanitaka?"

Nikamwambia ofisi haijanituma. Nimeibeba mwenyewe na saa hizi wananitafuta.

Simu ikalia pale pale. Bi Zuhura. Nikaiweka kwenye kipaza sauti bila kukusudia, au kwa kusudi, sijui. "Wewe mwizi! Irudishe au naita polisi!" Bakari akasikia yote. Alicheka kidogo, kicheko kibaya. Kisha akafuta meza kwa kitambaa na kuniambia niiweke.

Nikamweleza jinsi chipu ilivyojifunga. Akasonya. "Nywila ya sehemu hiyo siikumbuki. Nilichapa herufi za ovyo, nikaziacha."

Nikaanza kuifunga mashine tena kwa leso.

"Lakini nywila kuu, ya mwenye chipu, ninayo kichwani. Mwenye chipu naye niliruhusu asome. Na hilo kufuli la makosa halimzuii yeye."

Akageuza skrini nisione. Akachapa. Nilikuwa nikisoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo na kukosea mistari. Mstari ukatokea: herufi na namba zisizo na maana kwa mtu yeyote duniani isipokuwa diski ile moja. Tukaipa. Ikafunguka. Folda ya Jego ipo. Majina yote yapo.

Tulinakili kwenye diski mbili mpya. Nilitaka kumnunulia hata soda. Alikataa.

"Sikufanya kwa ajili yenu," alisema. Nadhani alimaanisha na mimi pia.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimerudisha mashine. Polisi hawakuitwa. Nimepewa barua ya onyo, imeandikwa na Kassim, imejaa makosa ya tahajia.

Adhuhuri nilimsikia Bi Zuhura akizungumza na wakili wa wazee kwa simu. Rekodi ziko salama, vijana wetu wamejitahidi, hasa Kassim. Hasa Kassim! Nilikuwa nimesimama mlangoni na diski mkononi. Aliniona. Aliendelea kuzungumza.

Diski moja nimempelekea wakili mwenyewe, mkononi. Ya pili sijamwambia mtu iko wapi.

Nikipata kazi nyingine hata kesho, naondoka.

Jumatano, 17 Septemba
Kwale. Wakili wa yule tajiri anayedai mashamba alipinga rekodi kwa zaidi ya saa. Mimi nilisimama kueleza zilivyohifadhiwa. Aliniita "huyu dada wa kompyuta". Nilijibu kila swali lake polepole, kwa chuki. Hakimu amezipokea. Hukumu bado, lakini wazee wamesikika.

Kassim alikuja na suti, akapiga picha nje ya mahakama. Nimekataa kusimama naye.

Jumamosi, 20 Septemba
Nimekwenda Jego peke yangu. Hakuna aliyenituma.

Mwanaidi ni binti wa marehemu Bi Mwanatumu, ambaye rekodi yake ndiyo ndefu kuliko zote. Nilimkuta anamenya mihogo barazani. Nikamwambia nimemletea sauti ya mamake. Akapangusa mikono kwenye kanga.

Nikaiweka simu katikati yetu. Bi Mwanatumu akaanza kutaja mipaka: mkorosho, kijito, kaburi la babu yao. Katikati akakatiza, akafukuza kuku, kisha akaita kwa ukali, "We Mwanaidi! Maji yatachemka mpaka yaishe?" Halafu akarudi kwenye kijito kana kwamba hakusema kitu.

Mwanaidi alitazama chini mpaka mwisho.

"Alipofariki mlikuwa nayo hii?"

"Tulikuwa nayo."

"Hata kwenye arobaini yake?"

"Ndiyo."

Alichukua muhogo mwingine, akaumenya wote, akautia kwenye sufuria. Nilidhani ataniambia niondoke. Ningeondoka.

"Rudisha pale anaponiita," alisema.

Nikarudisha.