Kabureta ya Baba Uliyoing'arisha

Lozells,
Birmingham.
Jumapili, 22 Juni 1975

Mpendwa Kaka Fanuel,

Pokea salamu zangu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Gertrude na watoto wote, na kwamba goti la Mama limepungua uvimbe. Je, anaipaka ile dawa niliyomtumia, au ameiweka kabatini awaonyeshe wageni? Na mahindi yamefika wapi? Sisi huku hatujambo. Jairus hajambo, watoto wanakwenda shule, nami bado nafanya zamu za mchana wodini. Namshukuru Mungu.

Salamu zimekwisha. Sasa niache nikasirike, Kaka. Nakuheshimu, wewe ndiye mkubwa wetu tangu Baba atutoke, lakini hili nikilimeza litanikaba.

Unakumbuka nilikueleza habari za gari la mume wangu. Ni Ford ya mwaka 1936, umri wangu mimi, aliyoinunua ikiwa imeliwa na kutu. Yeye na rafiki yetu Surjit, yule Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, wameivua madigadi na kuishusha hadi inakaribia kulamba lami. Huku gari la namna hiyo huitwa hotrodi, na wanaume hulipenda kuliko wake zao. Injini yake inataka kabureta mbili, nasi tulikuwa na moja tu halisi. Surjit alitaka tununue mbili mpya za kuiga, tufunge, tumalize. Jairus akashikilia kwamba gari la zamani lazima lipate vitu vya zamani. Wiki tatu walibishana jikoni kwangu wakinywa chai yangu. Hakuna aliyeniuliza mimi, niliyekuwa nikimshikia Baba spana kabla hao wawili hawajajua petroli inaingilia wapi.

Ndipo nikakuandikia, nikakuomba ile kabureta ya lori la misheni aliloendesha Baba, iliyokuwa juu ya kabati lake, kwa sababu ni ya aina ile ile. Na nikuambie ukweli, sikuitaka kwa ajili ya Jairus. Baba alipofariki sikuweza kuja kumzika, na huku sina hata kofia yake. Nilitaka kitu chenye mafuta ya mikono yake.

Na wewe ukafanya nini? Magdalene, nesi mwenzangu uliyempa mzigo, aliporudi kutoka likizo huko nyumbani akafungua leso mezani, nikaona kitu kinameta kama meno ya bandia. Umeisugua kwa mchanga na majivu. Umeipitishia tupa hadi herufi za kiwandani zikaisha. Kisha ukaipaka rangi ya fedha, na rangi hiyo naijua, ni masalio ya lango la kanisa! Halafu ukaniandikia kwamba umeisafisha ili nisiaibike mbele ya Wazungu. Kaka, nani alikutuma? Nilikuomba kabureta, sikukuomba bwana harusi. Nilikaa kitandani nikalia, na Magdalene akadhani umeniletea tanzia.

Jairus alipoiona akahamia upande wa Surjit. Kama hata iliyo halisi inafanana na ya kuiga, akasema, heri hiyo ya kuiga, angalau haina mchanga. Nikawaambia ya Baba itafungwa, na atakayebisha atajipikia mwezi mzima. Ikafungwa.

Jana tukalipeleka gari Great Barr, kwenye maonyesho ya klabu yao. Magari yenye vifaa halisi hupangwa mbele, penye bendera. Yenye vifaa vya kuiga hupangwa nyuma, karibu na vyoo. Injini ilikohoa njia nzima. Tulipofika, mzee wa klabu, mwenye kalamu sikioni, akainama kwa muda wa kupiga chafya, akasema, "Hii moja ni ya kuiga." Nikamwambia ni ya marehemu baba yangu, imepanda na kushuka njia ya Kisumu miaka zaidi ya kumi. Akatabasamu. Tabasamu hilo nalijua kutoka wodini, ni la mgonjwa anayeniuliza nesi wa kweli atakuja saa ngapi. Akasema, "Basi, mama, huko Afrika mnajua kuziiga vizuri."

Damu ilinichemka. Nikamwambia Jairus anipe bisibisi. Surjit akajaribu kunizuia: "Dada, wacha. Huyu mtu hapana jua kitu." Sikuwacha. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, na hivyo hivyo nikafungua kifuniko mbele ya watu wote, ili aone ndani ilivyo kuukuu.

Kwanza nikaukuta mchanga wako, Kaka, karibu kijiko kizima. Kisha nikaliinua lile boya dogo linaloelea kwenye petroli. La kiwandani huwa la shaba. Hili lilikuwa la bati, limekatwa kwa mkasi na kulehemiwa kwa mkono, na sindano yake ya kuziba petroli ni spoki ya baiskeli iliyochongwa kwa tupa. Surjit alilichukua akaligeuzageuza. Baadaye akasema kwamba wakati wa vita duka la vipuri la baba yake Kisumu halikuwa na hata skrubu, na kila mwezi madereva wa misheni waliambiwa waende wakangoje. Kumbe Baba hakungoja.

Mzee wa klabu naye akachungulia, akaandika kwenye karatasi yake kwamba si halisi, akatuonyesha vyoo. Ati si halisi! Kitu alichokitengeneza Baba kwa mikono yake, kikabeba wagonjwa na wachungaji na mabati ya shule, hicho si halisi. Ila kilichotoka kiwandani pamoja na wenzake elfu kumi, hicho ndicho halisi! Hata sasa kalamu inataka kutoboa karatasi.

Nikaupuliza mchanga, nikafunga kifuniko, injini ikawaka papo hapo. Ilinguruma pale karibu na vyoo mpaka watu wa penye bendera wakaja kutazama. Jairus hataki tena kusikia habari za kuiga, na Surjit, ambaye kumbe alikwisha kuzinunua zile mbili mpya, atazirudisha dukani kesho.

Lakini jambo lenyewe sijalifikia. Boya lile lina picha iliyopigwa kwenye bati: nusu ya tembo, mkonga na sikio moja. Ni kopo la majani ya chai la Mama, Kaka, lile lililopotea wakati wa vita. Mimi nilikuwa na miaka saba, wewe kumi. Ulichapwa na Mama fimbo sita kwa kuliiba. Uliapa huku unalia, na hakuna aliyekuamini, hata mimi. Baba alikuwa ameketi pale pale, akiinamia kikombe chake, asiseme neno. Miaka miwili nimemlilia mzee huyu, na jana nilimkasirikia kuliko mzee wa klabu!

Basi nimekusamehe mchanga, tupa na hata rangi ya lango. Heri ulisugua nje tu: ungefungua kifuniko, na huyo tembo ungemsugua akafutika. Msomee Mama barua hii kwa sauti, wifi na watoto wakisikia, umwambie kopo lake limeonekana. Akikuomba radhi, usijifanye hukumbuki.

Nisalimie wifi Gertrude, watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Jairus na Surjit wanakusalimu. Mungu awalinde, mlale na mwamke salama.

Ni mimi dada yako akupendaye, na ambaye sasa anakuamini,

Peninah