Ng'ombe Wasioonekana

Butiama, Jumamosi usiku

...na mimi nilikuwa nimefunga tangu asubuhi, nikiomba wakwe wasimwachishe binti yangu Neema kazi. Mungu amejibu, ila kwa njia zake mwenyewe.

Walikuja kupanga mahari. Mimi mama mtu nikabaki jikoni, sikio mlangoni. Mjomba wa bwana harusi, mzee kutoka Mugeta, Bunda, akauliza binti yetu anafanyaga kazi gani hasa huko chuo kikuu.

Mume wangu akajikohoza. "Anapiga hesabu za chembe ndogo sana zilizo ndani ya vitu. Hata ndani ya dawa."

"Ameshaziona?"

"Hazionekanagi."

"Basi mkwe, na sisi tutaleta ng'ombe wasioonekana!" Wanaume wakaangua kicheko. "Aache hayo mambo, aje afundishe sekondari kwetu Bunda."

Miaka yote ile niliyouza dagaa sokoni Mugango ili asome, halafu...

Hapo Neema akaingia na maji ya kunawa. Akapiga magoti, akamwamkia mzee, akammiminia taratibu. "Baba, hao wasioonekana waleteni tu. Ndio ninaowahesabuga. Akipungua mmoja nitajua."

Mzee akacheka mpaka maji yakamwagika. Akawageukia wenzake: "Huyu asiache hesabu. Wachungaji wetu wanatuibia sana!"

Ndivyo mwanangu alivyoruhusiwa kuendelea na utaalamu wake.

Ee Bwana, asante kwa kazi ya Neema. Nakushukuru tu, japo hata mimi siielewi.