Vitabu Vyangu Kwenye Mizani ya Wapagazi

Dada Rehema, shikamoo.

Mlio wa mizani ya hapa Nyakalengija, kijiji tunakoanzia kupanda mlima, haujanitoka masikioni. Mkoba wangu ulipotundikwa, springi ililia kama mbuzi. Baluku, mpagazi atakayenibebea mzigo mlimani wiki nzima, akatoa riwaya, mashairi, falsafa, historia, hata ufugaji wa kuku.

“Dada, hii ni vitabu ao mawe? Umesoma ngapi?”

Nikakiri: hata kimoja.

“Mzigo imezidi. Chagua: vitabu ao mchele. Huko juu hakuna duka.”

Nikasimama nikiwaza kwa dhati, mimi msomi, mpaka wapagazi wote wakacheka.

Nakupenda, dada, na ninakuombea afya njema na moyo wa kusamehe. Mchele umeshafungwa. Vitabu vyote nimemwachia mke wa Baluku, pamoja na vile vitatu nilivyochukua chumbani kwako bila kuomba.

Mdogo wako, Salome