Nilistahimili Chuma cha Moto, Nikakimbia Sindano

Mshauri mpendwa, salaam aleikum, naomba msaada wako na tafadhali usitaje jina langu kwa sababu hapa Isiolo kila mtu ananijua, mimi ndiye napakia mbuzi kwenye malori ya Nairobi, na jambo lenyewe ni jino. Nilipokuwa kijana kule Kulamawe niliumwa na mgongo hadi nikashindwa kuinama, wazee wakaamua nichomwe kwa chuma cha moto kama ilivyo desturi yetu, baba akanishika kichwa, wajomba wakakaa mbele yangu, nami sikupepesa hata jicho, na hadi leo wakikutana wanaisimulia habari hiyo huku mimi nimekaa hapo nakunywa chai na kufurahi. Sasa jino la nyuma limeoza, shavu limefura, nyama siwezi kutafuna, nikaenda kwa daktari wa meno, kijana mpole anaitwa Ekaale, akaniambia, "Mzee, tunaanza na sindano ya ganzi, hutasikia uchungu," nami kwa kiburi nikamjibu, "Hiyo wekea watoto, mimi nilichomwa na moto," akasema bila ganzi hagusi jino, basi nikakubali, lakini nilipolala kwenye kile kiti, taa usoni, nikaona sindano inakuja, wallahi mshauri, nilisikia uchungu kabla haijanigusa, nikaruka, nikatoka mbio na kile kitambaa walichonifunga kifuani hadi soko la mifugo. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Wee mzee, ulichomwa na moto ama na hadithi?" Mimi pia nilicheka, lakini swali hilo limenikaa rohoni. Daktari amepiga simu, anasema usaha unaweza kusambaa, nisikawie. Je, nimekuwa mwoga, ama ule ujasiri wangu ulikuwa uongo?

Mwenye Shavu, Isiolo

*

Waaleikum salaam, ndugu Mwenye Shavu. Nimecheka pamoja na mkeo, sitakuficha, hasa hapo kwenye kitambaa. Halafu nikakukasirikia. Usaha mdomoni si mchezo, na wewe unaniandikia barua ndefu badala ya kufungua kinywa.

Wewe si mwoga na hukumdanganya mtu. Mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, lakini ubongo ndio unaoamua uchungu uwe mkali kiasi gani, na kabla ya kuamua huangalia mengi: niko na nani, najua kinachofuata, kuna hatari? Kule Kulamawe ulikuwa mikononi mwa baba, mbele ya watu wako, ukijua utasifiwa. Kwa daktari ulilala chali peke yako ukingoja usichokijua, na hofu ikauleta uchungu mbele ya sindano. Uchungu huo nao ni wa kweli. Wale wazee wangekuchoma ukiwa peke yako, taa usoni, ungekimbia hadi kule mbali Oldonyiro kwa miguu!

Na usinielewe vibaya, kustahimili chuma si ushahidi kwamba chuma kinatibu. Watoto wako wakiumwa mgongo, wapeleke hospitali.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi malori wapakie wengine. Nenda na mkeo akushike mkono, na akicheka mwache acheke, ukicheka naye mwili utalegea. Mwombe Ekaale akueleze kila anachofanya kabla hajakifanya, mkubaliane kwamba ukiinua mkono anasimama. Vuta pumzi taratibu, uitoe taratibu zaidi. Ganzi usiikatae, inazuia tu habari za uchungu zisifike kwenye ubongo, uanaume wako haiugusi. Utahisi kusukumwa na kuvutwa, na ukisikia uchungu sema aongeze. Homa ikipanda, au ukashindwa kumeza au kupumua, usingoje asubuhi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Na ukishakaa kwenye kile kiti, mwambie kijana wa watu, "Daktari, naogopa." Hayo maneno mawili ndiyo yenye mizizi mirefu kuliko jino lako. Yakishatoka, jino litatoka.