Ndala za Masele na simu ya Edson

Loveness, acha unachofanya usome. Yule Edson, fundi wetu wa aplikesheni, leo kaumbuka pale duarani, kwenye shimo la machimbo!

Si unajua pale kila anayeshuka huacha ndala zake mdomoni pa shimo? Edson akacheka. "Ushamba huo." Eti simu yake inapokea majina ya wanaoshuka na wanaotoka kwa mpigo, kimyakimya, hata ukiwa unaongea na mtu. "Hakuna kazi inayosubiri nyingine!" Alivyotamba, ungedhani kaumba mtandao yeye.

Haya. Masele alitoka kunywa maji, akashuka tena. Taarifa zake mbili zikakimbizana hewani. Ya kushuka ikatangulia, ya kutoka ikafika nyuma, na simu ikaamini ya mwisho. Wenzake walipotoka kula, ikaandika: waliobaki chini, sifuri.

SIFURI, Loveness!

Boaz, msimamizi, mkono uko kwenye swichi, anataka kuzima mashine inayopeleka hewa chini.

Mama Wema, mpishi, akaacha mwiko kwenye ugali. "Ndala hizi si za Masele?"

Edson, bila haya: "Mama, simu imesema wametoka wote."

"Kwa hiyo Masele kaondoka peku?"

Mama Wema akainama shimoni, akaita. Masele akaitika kutoka chini!

Boaz akamwambia Edson ashuke mwenyewe akamwombe radhi.

Na unajua msomi wetu alifanya nini? Simu hata hakuigusa. Alivua viatu vyake vya ngozi, akavipanga vizuri kando ya ndala za Masele. Wala hakuambiwa.