Besi ya Kabatini

Jumatatu, 3 Agosti

Mama ametoa hukumu. Nimtafutie ukumbi mmoja tu — muziki wa vyombo, mchana, watu wa heshima, na yeye aweze kukaa — kabla shule hazijafunguliwa tarehe kumi na saba. La sivyo gitaa la besi aliloniazima Mjomba linarudi kwa Mjomba. Eti gitaa gani hilo, halisikiki, na mtoto anajifungia chumbani na kabati!

Ni kweli. Sina spika. Naegemeza kichwa cha besi kwenye mlango wa kabati, mbao zinanguruma, naweka sikio. Raha! Lakini sijawahi kuisikia ikitoka kwenye spika, hata siku moja. Ndicho ninachotaka. Hicho tu.

(Uongo. Nataka na ngoma pia.)

Simu imenipa kumbi sita.

Jumanne, 4 Agosti

Ukumbi wa kwanza siku hizi ni duka la magodoro. Muuzaji kaniuliza huwa nalala chali au ubavu. Nikajibu! Nimejaribu magodoro manne kwa kuona haya kusema nimekosea mlango.

Wa pili wameandika "muziki laivu". Laivu yenyewe: bwana mmoja, kompyuta moja. Anabonyeza, kisha anajipigia makofi.

Wa tatu na wa nne, usiku tu. Mlinzi alinitazama, nikageuka mwenyewe.

Alhamisi, 6 Agosti

Wa tano umefungwa. Wa sita hata jengo halipo. Kwisha habari yangu.

Ila — wakati wa kurudi nimepita kwa fundi spika, nyuma ya soko. Spika zimepangwa nje kama wagonjwa, kila moja na karatasi: jina la ukumbi, siku ya kuchukuliwa. Nikaanza kunakili. Fundi akanikuta. Nikiona haya, lugha zangu zote mbili, ya nyumbani na ya shule, hukimbia pamoja. Nikasema natafuta panapopigwa.

"Panapopigwa nani?"

Kacheka mpaka kadondosha bisibisi. Halafu akanihurumia. Simu haijui kitu, mwanangu. Wapigaji wa kweli hupasua spika, na zote huja kwake. Ile kubwa ni ya ukumbi ulio nyuma ya duka la mapazia. Mazoezi kila Jumamosi, saa tisa alasiri, mlango wazi.

Jumamosi, 8 Agosti

NIMEPATA!

Kwanza nilisimama mlangoni dakika ishirini nikijifanya nasoma bei za mapazia. Bwana wa mitambo ya sauti, wanamwita Desibeli kama kile kipimo cha sauti, akaniona. "Binti, una masikio? Haya, kiti cha mwisho. Ukisikia chombo, nyoosha mkono."

Ndiyo desturi yao: mgeni wa kwanza kuingia ndiye anawapimia sauti. Kazi ya kukaa kimya! Nimezaliwa kwa ajili yake.

Gitaa — mkono. Kinanda — mkono. Besi... sikunyoosha. Desibeli akaongeza sauti. Bado. Bendi nzima inanikodolea macho. Nikasikia mtu anasema, "Uzi mnene unakwaruza." Mtu mwenyewe ni mimi!

Mpiga besi akasema labda nikasafishe nta masikioni. Desibeli akainama kwenye spika, akasikiliza. Imepasuka tena!

Mpiga ngoma, mama mtu mzima ambaye hata wazee wanamwita Shangazi, akauliza nimejuaje. Nina besi, nikasema. Nyumbani. Kwenye kabati.

"Sasa kabatini unazipigia nguo?" akasema Shangazi. Wakacheka wote, na mimi pia. "Uje nayo wiki ijayo. Na mama yako."

Jumamosi, 15 Agosti

Naandika hapa hapa ukumbini, daftari juu ya spika. Mwandiko unatetemeka, si mimi.

Mama kaja na mkoba mkubwa na uso wa msimamizi wa mtihani. Na kwa haraka yake ya kukagua, kaingia wa kwanza! Desibeli hapo hapo: "Mama, una masikio?" Nilidhani ataondoka. Kapelekwa kiti cha mwisho, mkoba mapajani, anatii kama mwanafunzi.

Gitaa — mkono ukapanda nusu. Kinanda — ukapanda wote, kisha ukashuka.

Wananiita. Besi imechomekwa. Shangazi anagonga vijiti, ananiambia nisiangalie watu, niangalie mguu wake. Nimechungulia tu mara moja kule nyuma — mkono wa Mama uko juu, umenyooka kabisa, na mimi sijagusa uzi hata mmoja!